Gari Nililoliita Takataka



Mwezi uliopita ushirika wa nyumbani ulikuwa kwangu. Baada ya maombi, chai ikiwa inapita, dada mmoja alisimama mbele ya kabati langu la vioo pale sebuleni akaanza kuhesabu kwa kidole. Akafika 41. Ni magari: ya waya, ya mabati, ya mbao, mengine madogo kama kiganja, mengine makubwa ya kujaza rafu nzima. Akageuka, akaniuliza mbele ya wote, kwa upole lakini bila kupepesa macho: "Ndugu, mtu mzima kama wewe, umeokoka, haya yote ni ya nini? Si hii ndiyo kujiwekea hazina duniani?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikajitetea. Nikasema fungu la kumi silikosi. Nikasema kuna wapendwa wenye televisheni kubwa kama mlango na hakuna anayewauliza kitu. Nilijiona nimejibu vizuri. Lakini usiku nilipozima taa, nilijua swali la dada yule sikulijibu. Tena nilijua chini ya swali lake kulikuwa na swali lingine ambalo yeye hakulijua, na lilikuwa limekaa pale kwenye rafu ya katikati. Lina rangi ya buluu na urefu wa sentimita 80.

Mchungaji ameniruhusu niliandike hapa. Je, kukusanya vitu vizuri ni dhambi? Na kama si dhambi, basi dhambi huingia kwa mlango gani?

Pasaka ya magari

Nilizaliwa Maringo mwaka wa 1968. Watu wa rika langu waliokulia Maringo, Jericho, Kaloleni na Makongeni wanakumbuka kwamba Pasaka kwetu ilikuwa na mambo mawili: kanisa na Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka wa 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na kwa miaka mingi yalikuwa yakiangukia Pasaka. Joginder Singh alishinda mwaka wa 1965 kwa Volvo, akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, watu wakamwita Simba wa Kenya. Halafu akaja Shekhar Mehta. Nilikuwa na miaka 11 aliposhinda mwaka wa 1979 na Datsun 160J, na miaka mitatu iliyofuata hakuna aliyemtoa pale juu.

Sisi watoto Datsun hatukuwa nayo. Tulikuwa na waya. Unachukua hanga ya nguo ya mama, unainyoosha kwa jiwe, unapinda bodi, unaweka magurudumu ya vifuniko vya mikebe ya Kiwi. Kisha unafunga waya mmoja mrefu unaofika kifuani, mwisho wake una usukani, na unakimbia nyuma ya gari lako ukinguruma kwa mdomo. Vumbi la kiwanja cha Maringo kwetu lilikuwa vumbi la Taita Hills. Mama aliyekosa hanga alijua pa kuitafuta, na alijua pa kuichapia.

Nilipoajiriwa kazi ya stoo katika duka la vipuri, nikaanza kununua magari ya namna ile. La kwanza nililinunua Gikomba mwaka wa 1998, la waya, kwa shilingi 50. Nikaendelea. Nikanunua matatu ya Buruburu, ile 58, iliyotengenezwa kwa bati la mkebe. Nikanunua lori la mbao lenye breki inayoshika kweli. Na miaka hii vijana wetu wamepiga hatua: wanaunda magari makubwa yenye taa, yenye muziki, mengine yanayoendeshwa kwa rimoti.

Nimesoma kwamba hata wenzetu wa Marekani wana ugonjwa huu. Huko, tangu miaka ya 1930, kuna magari madogo ya mashindano yanayoitwa midget. Kuna mafundi wanaojenga mifano yake, robo ya ukubwa wa gari lenyewe, inayoendeshwa kwa redio. Yale yaliyoundwa kwa mkono, moja moja, wakusanyaji huyatafuta kama dhahabu. Na mkusanyaji makini akiletewa gari la namna hiyo, swali lake la kwanza ni moja: nani alilijenga?

Mimi sikuwa nikiuliza.

Jioni ile

Miaka mitatu iliyopita, jioni ya Jumanne, kijana mmoja kutoka Kayole alinifikia langoni. Alikuwa ameambiwa kuna mzee anayenunua magari. Alikuwa amelibeba gari begani, limefunikwa kwa leso. Alipoifunua, wapendwa, moyo wangu uliruka. Ilikuwa ni Datsun 160J, ile ile ya utoto wangu, moja kwa tano ya gari lenyewe.

Bodi aliigonga kwa bati. Rimu alizimwagisha kwa alumini ya sufuria zilizotoboka. Tairi alizikata kwa mpira wa viatu vya akala. Mota na giabox zilitoka kwa drili ya betri iliyokufa, na moto ulitoka kwa betri ya bodaboda. Usukani ulivutwa na ile mota ndogo inayofunga loki za mlango wa gari: ikivuta huku tairi zinakata kushoto, ikisukuma huku zinakata kulia, na springi inazirudisha katikati. Ubao wa rimoti aliutoa kwa toy ya mtumba. Ubao huo ni mdogo, moto wa mota kubwa ungeuchoma, kwa hiyo aliufunga na rilei nne, ubao uwe wa kutoa amri tu na rilei zibebe mzigo. Hakufundishwa na mtu. Alilijenga kwa miezi minne, jioni baada ya kibarua.

"Nataka kumi na tano, mzee," akasema. Alimaanisha elfu 15.

Mimi ni mtu wa stoo. Nimepanga bei ya vitu maisha yangu yote, na nilijua lile gari ni zaidi ya hapo. Nilijua pia jambo la pili, kwa sababu alikosea akaniambia: mwenye nyumba alikuwa amefunga mlango wao kwa kufuli tangu Jumapili, na mama yake alikuwa analala kwa jirani.

Nikaanza kazi. "Elfu 15 kwa toy? Hebu ona risasi ilivyomwagika hapa. Huu mlango haufungi. Rangi imechuruzika. Nani atanunua kitu kama hiki? Kijana, hii ni takataka umeipaka rangi." Nikasema hivyo mara mbili. Kisha nikaongeza maneno ambayo leo ndiyo yananichoma zaidi: "Lakini kwa sababu ya shida yako, nitakusaidia tu." Nikampa 4,500.

Alisimama kidogo akiliangalia. Akanipa rimoti. Akasema, "Usikae bila kuchaji betri, mzee, itakufa." Akakunja leso yake akaenda.

Nilipanda ngazi nikiwa mwepesi kama kijana. "Mama watoto, leo nimeokota! Kitu cha elfu 50 nimekipata kwa elfu nne na nusu!"

Sasa fungua Mithali 20:14. Aya ile ni fupi, na Sulemani hatoi hukumu yoyote ndani yake. Anachora tu picha: mtu sokoni anakiponda kitu mbele ya muuzaji, na akishageuka kona anajipongeza. Basi. Nimeisoma aya hiyo tangu niokoke mwaka wa 1991, na siku zote nilidhani ni kichekesho cha sokoni. Sikujua ni picha yangu ya pasipoti.

Ushuhuda niliotoa

Lakini ngoja, bado sijamaliza kujivua nguo. Mwaka uliofuata mgeni mmoja aliletwa nyumbani na rafiki yangu. Aliliona gari akataka kunipa 60,000 papo hapo. Nilikataa. Nililipenda mno. Na unajua nilifanya nini? Nilikuja kwenye ushirika nikatoa ushuhuda kwamba Bwana amenishindia tamaa ya fedha! Mkasema amina. Wengine mlipiga makofi.

Kumbe tamaa ni mjanja. Ukiifungia mlango wa pesa, inaingia kwa dirisha la kitu chenyewe. Yule tajiri wa Luka 12 hakuwa anauza mazao yake pia. Alikuwa anayajengea ghala. Na hebu isome tena habari yake polepole, uone jambo moja: katika mipango yake yote hazungumzi na mtu yeyote. Hamtaji mke, hamtaji jirani, hawataji hata vibarua waliovuna. Mazungumzo yote ni yeye na nafsi yake. Kabati langu lilikuwa hivyo. Lilikuwa na magari 41, na halikuwa na mtu hata mmoja ndani yake.

Nililitambua hilo Jumapili iliyofuata ule ushirika, mchungaji alipofundisha kutoka Kutoka 35. Mungu anataka hema lijengwe. Anamtaja fundi: Bezaleli. Hakuishia hapo. Anasema ni mwana wa nani, mjukuu wa nani, wa kabila gani: Uri, Huri, Yuda. Na msaidizi wake Oholiabu naye anatajwa, na baba yake, na kabila la Dani. Ni mafundi, watu wa kugonga shaba na kuchonga mbao, na Roho Mtakatifu anawaandika kwa majina kamili kama wafalme.

Nilifika nyumbani nikafungua daftari langu. Tuna methali, mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi mtu wa stoo daftari ninalo. Lina safu ya aina ya gari, safu ya mwaka, safu ya urefu, safu ya bei. Safu ya fundi haikuwepo. Katika magari 41 nilikuwa nakumbuka majina ya mafundi sita. Nilijua jina la dereva wa Datsun ya mwaka wa 1979. Jina la aliyeijenga ile iliyokuwa sebuleni kwangu sikulijua.

Na si mimi tu. Taifa zima lilichukua muda kuwaona watu hawa. Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani liliandika ripoti kuhusu Kenya, likasema wazi kwamba kazi hizi ndogo ndogo za mtaani ni kazi za kweli. Ilipita miaka mingine, hadi mwaka wa 1985, Rais Moi alipofika Kamukunji akawakuta mafundi wakigonga mabati juani, wakaahidiwa vibanda. Hata jina lenyewe, jua kali, linatuambia: ni watu waliofanya kazi bila paa juu ya kichwa.

Hoja nilizojipa

Sasa tufikiri pamoja, maana najua unachosema moyoni. Nami nilikisema.

Hoja ya kwanza: alikubali mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Ni kweli. Lakini kukubali kwa mtu ambaye mlango wake una kufuli si sawa na kukubali kwa mtu anayeweza kusema hapana akarudi nyumbani kula. Walawi 25:14 inawaambia wauzaji na wanunuzi wote wawili wasidhulumiane. Kama hiari ya mdomo ingetosha, amri hiyo ingekuwa ya nini? Hakuna anayeuza bila kusema ndiyo.

Hoja ya pili: kupatana bei ni desturi yetu. Hili nalo ni kweli, na sisemi tuache. Ukienda Mutindwa au Gikomba ukalipa bei ya kwanza, hata muuzaji atakushangaa. Kupatana bei ni mazungumzo, na yana furaha yake. Lakini kuna tofauti kati ya kusema "mimi nina elfu tano tu" na kusema "kitu chako ni takataka." La kwanza ni habari za mfuko wangu. La pili ni ushahidi juu ya kazi ya mwenzangu, na ushahidi wenyewe ulikuwa wa uongo. Tumezoea kudhani amri ya kutomshuhudia jirani uongo ni ya mahakamani. Nimeamini sasa kwamba inatumika hata langoni, mtu akileta kazi ya mikono yake.

Nimejipa kipimo kimoja, nakupa na wewe. Maneno unayomwambia muuzaji, je, unaweza kuyarudia ukifika nyumbani na kile kitu? Kama langoni ni takataka na sebuleni ni lulu, basi kuna mahali umedanganya, na huyo uliyemdanganya ndiye mwenye shida.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonishika zaidi: hata nikirudi nimlipe, nimlipe ngapi? Nilichukua kalamu. Aliomba 15,000, nilimpa 4,500, pengo ni 10,500. Nikaenda Hesabu 5:7, inayosema mkosaji arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Sehemu ya tano ya 10,500 ni 2,100. Jumla 12,600. Kisha nikawaza, lakini bei ya kuanzia huwa imeongezwa, labda yeye mwenyewe alitarajia elfu 12...

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Akaniangalia juu ya miwani. "Baba watoto," akasema, "yaani hata kwa toba unapatana bei na mtoto wa watu?"

Niliweka kalamu chini.

Kariobangi

Kumtafuta kulichukua siku kumi. Kayole walisema alihama. Nikaelekezwa Kariobangi, kule Light Industries, nikamkuta anakunja nondo za grili za dirisha. Alinijua mara moja. Alizima mashine, akafuta mikono, akanipa kiti chake.

Nilimwambia nilichokuja kumwambia. Kwamba siku ile nilijua thamani ya gari lake na nikamdanganya. Sikuongeza maelezo. Alinyamaza, halafu akauliza tu, "Kwa hivyo haikuwa takataka?"

Nikasema, "Hapana. Ni gari zuri kuliko yote niliyo nayo."

"Mimi niliamini, mzee," akasema. "Nilijiambia, huyu ndiye anajua magari Eastlands yote, kama yeye amesema ni takataka, basi ni takataka. Sikuunda lingine. Ile nyingine nilikuwa nimefika katikati, niliuza bati kwa kilo."

Wapendwa, nilikuwa nimekwenda kulipa deni la pesa. Sikujua kuna deni lingine. Mungu aliweka kitu kwenye mikono ya kijana, mimi nikakizima kwa sentensi moja ili nipunguziwe elfu kumi. Hilo linalipwa kwa noti gani? Hata leo sijui.

Tulikaa tukahesabu, kwa daftari lake si kwa langu. Drili mbovu 800. Betri 1,800. Bati, nondo na waya 1,100. Kumwagisha rimu 900. Toy ya mtumba 400. Rangi 700. Rilei na nyaya 500. Jumla 6,200. Nilisoma jumla hiyo mara mbili. Nilikuwa nimempa 4,500. Kwa hiyo yule niliyejigamba kumsaidia ndiye aliyenisaidia mimi: alitoa shilingi 1,700 za mfuko wake, na miezi minne ya maisha yake, ili mimi nipate cha kuweka kwenye kabati.

Tulikubaliana kiasi, tukakimaliza. Kiasi hicho sitakiandika. Nimeshatoa ushuhuda mmoja wa kujisifu, unatosha.

Nilimwambia pia gari ni lake akilitaka. Alikataa, akasema chumba chao ni kidogo na bati linavuja. Lakini akaniuliza, "Linakimbia bado?" Ikabidi nikiri dhambi nyingine. Sikuwahi kuliendesha, hata siku moja. Niliogopa lisikwaruzwe. Betri ilikuwa imekufa kitambo, kama alivyonionya.

Jumamosi alikuja na betri. Tukalibeba hadi kiwanjani. Watoto walitokea kila upande, sijui walipigiwa na nani. Alishika rimoti, akalipeleka polepole, kisha akaliachilia, na ile Datsun ikatimua vumbi mpaka goli la pili, watoto nyuma yake wakipiga mayowe. Liligonga jiwe, bampa ya mbele ikapinda. Nilishtukia nimeshika kifua. Yeye alicheka. Aliinama, akalitazama chini, akasema, si kwangu bali kwake mwenyewe, "Hapa kwa springi ndipo nilikosea. Ingewekwa mbele kidogo."

Sikusema kitu. Nilipomuuliza baadaye kama ataunda lingine, alijibu, "Tutaona, mzee." Basi, tutaona. Mimi naomba. Nawe omba.

Jibu kwa dada yetu

Dada, uliuliza kama ni hazina duniani. Nitakujibu sasa kwa unyofu.

Yesu alitaja nondo na kutu. Kutu kwangu si mfano, naijua. Mabati ya mikebe hula kutu Nairobi hata ndani ya kioo, na kila mwezi mimi hupaka mafuta. Magari haya yataisha. Lakini sidhani Bwana, ambaye watu wa kwao walimjua kama fundi, anachukia kitu kilichoundwa vizuri. Aliyemjaza Bezaleli Roho kwa kazi ya mikono hawezi kukasirika mtu akiitunza kazi ya mikono.

Ninaamini kukusanya si dhambi. Dhambi huingia mahali pawili: pale kitu kinapopita kutoka mkono wa fundi kuja mkono wako, na pale kinapokaa kwako huku fundi akisahauliwa. Hazina yako ilipo ndipo moyo wako ulipo. Mimi hazina yangu ilikuwa bati, na moyo wangu ulikuwa umekaa bati. Mtu aliyeligonga bati lile ndiye aliyekuwa hazina, na nilimfukuza langoni na leso yake.

Daftari langu sasa lina safu ya fundi. Kijana aliniruhusu niandike jina lake kamili, ila hapa kijaridani aliomba lisiwepo kwanza. Nilimwonyesha Bezaleli alivyoandikwa, mwana wa fulani mwana wa fulani. Akasema, "Basi andika na mama yangu." Mama huyo amefulia watu nguo Donholm miaka mingi, na waya wa kwanza alioukunja kijana huyu akiwa mtoto ulikuwa hanga iliyovunjika aliyotoka nayo kazini. Nimemwandika.

Zimebaki nafasi 34 tupu. Wengine nitawapata. Wengine wameshalala, kama mzee wa Gikomba aliyeniuzia la kwanza kwa shilingi 50. Hesabu 5:8 inasema deni lisilo na mtu wa kulipokea hupelekwa kwa Bwana. Nimezungumza na mchungaji, na sehemu yake itasaidia vijana wetu wanaojifunza ufundi kupata vifaa. Nimetubu, na naamini nimesamehewa. Lakini msamaha haujazijaza nafasi zile, inabidi nitembee.

Na wewe usiye na gari hata moja, usicheke sana. Unaye mama mboga langoni. Unaye fundi viatu, mama wa kufua, msichana wa kazi, kijana wa mkokoteni. Wiki hii mtu atakuletea kazi ya mikono yake akiwa na shida ambayo wewe unaiona. Angalia mdomo wako utasema nini.

Kwa mazungumzo ya ushirika wiki hii:

1. Ni kitu gani nyumbani kwako ulikinunua kwa bei ambayo usingependa muuzaji ajue unavyokisifu?

2. Kuna mtu ambaye neno lako lilizima kazi ya mikono yake? Unajua anakoishi?

3. Taja mtu mmoja ambaye kazi yake unaitumia kila siku na jina lake hulijui. Utaliuliza lini?

Tuombe. Bwana, wewe huwajua mafundi wako kwa majina. Utusamehe vitu vyetu vilivyojaa nyumba na watu tuliowaacha nje. Utupe mizani ya kweli mkononi na neno la kweli mdomoni. Na yule kijana, Bwana, umrudishie kile nilichozima. Katika jina la Yesu. Amina.